Mshale Upite Huru: Mhadhara kwa Walimu na Wachezaji wa Upinde



Nina jambo moja la kuwaambia, nami nitalisema mapema ili yote yatakayofuata yapimwe kwalo. Mshale unapotoka upindeni hautakiwi kugusana na kitu chochote isipokuwa ugwe unaousukuma, pamoja na egemeo, yaani waya mdogo unaoubeba, na kitufe kilicho ubavuni mwake, vinavyouongoza mwanzoni mwa safari yake. Mkia wake ukigusa egemeo, mpini au kitu kingine chochote wakati unapita, safari imeharibika kabla haijaanza. Na mpaka mwalimu athibitishe kwamba mshale unapita huru, hana haki ya kumlaumu mchezaji, wala hana sababu ya kuamini kipimo kingine chochote cha upinde huo.

Nalisema kwa uzito kwa sababu ipo methali tunayoitumia vibaya uwanjani: mchagua jembe si mkulima. Kijana akisema, "Mwalimu, mishale yangu inayumba," anajibiwa kwa methali hiyo, kisha anaambiwa akaze bega, atulize mkono, avute sawasawa. Methali ni ya kweli kwa mvivu anayetafuta kisingizio. Kwa kijana ambaye manyoya ya mishale yake yanagonga upinde kila anapoachia, ni dhuluma. Ataupotosha mwili wake ili kufidia kosa la waya wa egemeo uliozidi milimita mbili, na mazoea hayo yatakaa naye hata baada ya waya kurekebishwa.

Kosa dogo, hasara kubwa

Upinde ninaouzungumzia ni rikavu, ule ambao ncha za mbawa zake zimepinda kuelekea mbele, na ambao ndio upinde wa Olimpiki. Kwenye Olimpiki ya leo mpigaji husimama mita 70 kutoka shabaha yenye kipenyo cha sentimita 122. Duara la alama 10 lina sentimita 12.2 tu. Ukipiga hesabu, kutoka katikati ya duara hilo hadi ukingoni ni pembe ya takriban sehemu moja ya ishirini ya digrii. Hiyo ndiyo kazi aliyoikabili Mkenya Shehzana Anwar mjini Rio de Janeiro mwaka 2016, alikokwenda pia akiwa mbeba bendera wa nchi yake. Kwa kipimo kidogo namna hiyo, mkia unaokwaruza waya kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua unatosha kuutoa mshale kwenye duara.

Kibaya zaidi, kugusa hakuna utaratibu. Kosa la kulenga huipeleka mishale yote upande mmoja, na mchezaji akisogeza kilengeo, mambo yanakaa sawa. Mkia unaogusa, mmoja utagusa sana, mwingine kidogo, wa tatu upite salama. Mishale hutawanyika bila sababu inayoonekana, na mtu asiyejua chanzo huishia kuutilia shaka mkono wake mwenyewe.

Mshale hupinda, na ni lazima upinde

Ili tujue mkia unagusa wapi na kwa nini, tujue kwanza mshale unavyosafiri. Nitamzungumzia anayevuta kwa mkono wa kulia na kuushika upinde kwa mkono wa kushoto; anayetumia mkono mwingine ageuze pande.

Mshale wake hukaa upande wa kushoto wa mpini. Vidole vinapoachia, ugwe hauendi mbele moja kwa moja. Unateleza juu ya ncha za vidole, na katika kuteleza huko unasogea kidogo kushoto, ukiuchukua na mkia wa mshale. Papo hapo nguvu ya upinde inausukuma mkia mbele huku kichwa kizito kikiwa bado kimetulia. Uti wa mshale, ulioshikwa baina ya msukumo huo na uzito wa kichwa, hauna budi kupinda. Kwanza tumbo la mshale huelekea mpini na kukandamiza kitufe. Kisha hugeuka na kutunisha tumbo kwenda nje. Halafu hugeuka tena, na safari hii mkia hupanuka kwenda nje, mbali na mpini, wakati uleule manyoya yanapopita. Mshale mzuri huuzunguka mpini kama samaki anavyouzunguka mwamba, mwili ukijikunja huku safari ikibaki moja.

Yote hayo yanakwisha katika muda usiofikia sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Ugwe ukirudi mahali pake, mshale huachana nao, na mkia unakuwa umebakiza takriban sentimita 22 kuufikia mpini. Kwa mwendo wa mita 55 kwa sekunde, umbali huo unapitwa kwa elfu nne za sekunde. Zingatieni: manyoya yanapopita kando ya mpini, mshale hauna tena uhusiano na ugwe. Hakuna mchezaji anayeweza kuurekebisha. Ama tuliuandalia njia, ama hatukuuandalia.

Jambo hili lilikuwa fumbo la muda mrefu. Kwenye upinde wa zamani wenye mpini mnene, mshale uliolala ubavuni ulielekea pembeni ya shabaha, lakini ukiachiwa ulifika pale palipolengwa. Mmarekani Robert P. Elmer aliliita fumbo la mpiga mishale, na katika miaka ya 1930 mwanafizikia Clarence Hickman alilifumbua kwa kamera za kasi kubwa zilizoonyesha mshale ukijikunja. Mwaka 1947 yeye, Forrest Nagler na Paul Klopsteg walichapisha pamoja kitabu kuhusu upande wa kiufundi wa mchezo huu. Baadaye Mmarekani mwingine, Vic Berger, alituachia kitufe chenye springi ambacho leo kimo karibu katika kila rikavu ya mashindano, na bado wengi hukiita kwa jina lake.

Lakini wenye kuliishi fumbo hilo walikuwapo siku zote. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, hupiga kwa pinde za mti ambazo hazina egemeo, kitufe wala mpini uliochongwa kuupisha mshale. Mshale hupita ubavuni mwa mti. Fundi wa Kihadza huupasha mshale moto na kuunyoosha kwa meno, akirudia mpaka aridhike, kisha huufunga manyoya ya ndege. Unyoya wa ndege una fadhila moja kubwa: ukigusa mti, hulala na kuinuka. Plastiki ngumu tunayoibandika kwenye mishale yetu hailali, bali hugonga na kuusukuma mkia pembeni. Kwa hiyo sisi wenye vifaa vya kisasa tunahitaji nafasi safi zaidi.

Jinsi ya kuchunguza

Dalili za kwanza huonekana kwa macho. Nyoya moja, lilelile kila mara, linachakaa ukingoni au kubanduka mapema kuliko mengine. Mpini una mistari midogo karibu na egemeo. Waya wa egemeo umepinda bila mtu kuukanyaga. Mshale unatikisa mkia upesi upesi, kwa mitikisiko midogo, mara tu unapotoka. Na sikio nalo ni shahidi: upinde uliokuwa na mlio mmoja unaanza kuwa na mlio na mkwaruzo.

Dalili hizo hazitoshi. Uthibitisho ni poda, na poda ya mtoto inayouzwa dukani inafaa kabisa. Iliyo bora ni ya kupuliza, ile ya miguuni, kwa sababu hutanda sawasawa. Ukiwa na ya kawaida, pitisha kwanza kitambaa chenye unyevu kidogo kwenye waya wa egemeo, kwenye mpini kuzunguka kitufe, na kwenye manyoya na robo ya nyuma ya uti. Kisha nyunyiza poda na pulizia kwa mdomo iliyozidi. Unachotaka ni utando mwembamba mweupe.

Simama karibu na shabaha ngumu, ngumu kiasi kwamba mshale hauzami hadi kwenye manyoya, maana ukizama, shabaha itafuta ushahidi wako. Piga mshale mmoja tu. Usiushike mkia unapokwenda kuuchomoa. Piga magoti, weka jicho karibu, soma.

Utando uliobaki mzima unakuambia hakuna kilichogusa. Mstari mwembamba kwenye ukingo wa nyoya la chini, na alama inayolingana nao kwenye ncha ya waya, vinakuambia nyoya limekwaruza waya. Poda iliyofutika kwenye ubavu wa uti nyuma, nao mpini ukiwa umepata doa pembeni mwa kitufe, inakuambia mkia wote umepiga mpini. Poda iliyofutika chini ya uti inakuambia mkia umeangukia egemeo. Hizo ni kesi tatu tofauti, kila moja na dawa yake, ndiyo maana kusema tu "unagusa" hakutoshi.

Palipo na shaka kuhusu nyoya lipi limegusa, paka kingo za manyoya rangi ya mdomo, rangi tofauti kwa kila nyoya. Litakalogusa litaacha sahihi yake mpinini. Rudia jaribio kwa mishale kadhaa, na tena mchezaji akishachoka, kwa sababu mkono uliochoka huachia kwa namna nyingine. Poda nyingine ipakwe kwenye kinga ya mkono na ya kifua. Ugwe unaogonga mkono au nguo huuyumbisha mshale vilevile, na wengi hawalitazami hilo.

Tiba, kwa utaratibu

Kanuni ya kwanza ya tiba: badilisha kitu kimoja, kisha rudia poda. Ukibadilisha viwili na tatizo likaisha, hujui kilichoponya. Likizidi, hujui kilichoharibu. Kanuni ya pili: anza na kilicho rahisi na kisicho na gharama.

Anzia kwenye egemeo. Utazame mshale kutoka juu ukiwa umekaa upindeni. Waya wa egemeo usichomoze kupita ubavu wa nje wa mshale. Ukichomoza, unalisubiri nyoya la chini. Usukume ndani, uukunje au uukate, kisha lainisha ncha. Hakikisha pia kwamba kitufe kinaugusa uti katikati ya unene wake. Waya ulio juu mno au chini mno huufanya mshale upande juu ya kitufe au uteleze chini yake.

Pili, zungusha noki, yaani ile plastiki yenye mpasuko unaoshika ugwe. Mshale wenye manyoya matatu kwa kawaida hukaa na nyoya la kiongozi likielekea nje, na mengine mawili yakielekea mpini, moja juu na moja chini. Mzunguko mdogo wa noki, kiasi cha chini ya milimita moja kwa mara moja, unaweza kulitoa nyoya la chini kwenye njia ya waya bila kuliingiza la juu mpinini. Zungusha, piga poda, soma, zungusha tena. Ukipata mahali salama, weka alama ya wino na uipange mishale yote hivyohivyo. Hii ni tiba isiyogharimu hata senti, nayo huponya kesi nyingi.

Tatu, pima urefu wa mahali pa kupachika mshale kwenye ugwe. Kwa wapigao kwa vidole, mkia hukaa juu kidogo ya mstari wa pembe mraba unaotoka kwenye egemeo. Ukiwa chini mno, mkia huangukia egemeo, na poda ya chini ya uti itakuwa imekwambia. Pandisha milimita moja moja. Hapohapo jaribu noki inavyobana. Ning'iniza mshale kwenye ugwe, kichwa kikielekea chini, kisha gonga ugwe kwa kidole karibu na noki. Mshale unatakiwa ukae mpaka ugongwe, na ukigongwa uanguke. Usioanguka unang'ang'ania ugwe wakati wa kuachana, na mkia wake hutoka na msukosuko.

Nne ni kimo cha ugwe, yaani umbali kutoka ugwe hadi mpini. Kwa upinde wa inchi 68 watu wengi huanza baina ya sentimita 21.5 na 23. Kusokota ugwe huuongeza umbali huo, kuufungua huupunguza. Kimo huamua mshale uachane na ugwe ukiwa katika hatua gani ya kujikunja kwake, kwa hiyo mizunguko michache tu inaweza kuufanya mkia upite ukiwa umepanuka nje badala ya kuelekea ndani.

Tano, tazama kitufe. Ukiangalia kutoka nyuma, ugwe ukiwa katikati ya mbawa, ncha ya mshale ionekane nje kidogo ya mstari wa ugwe, upande wa kushoto. Ikiwa ndani zaidi, mshale unaanza safari yake ukielekea mpini. Kisogeze kitufe nje kidogo, halafu ndipo uguse springi yake.

Sita, na hapa ndipo gharama inapoanza, ni ugumu wa mshale wenyewe. Namba iliyoandikwa kwenye uti hupatikana kwa kuulaza juu ya nguzo mbili zilizo mbali kwa inchi 28 na kuutundikia katikati uzito wa gramu 880. Ukinepa nusu inchi, ni 500. Namba ikiwa kubwa, mshale ni laini. Mshale mgumu mno haujikunji vya kutosha kuuzunguka mpini. Mshale laini mno hujikunja kupita kiasi na polepole, ukachelewa kupanua mkia wake. Yote miwili inaweza kugonga. Kabla ya kununua mingine, kumbukeni kwamba kichwa kizito zaidi huufanya mshale uwe kama laini zaidi, kuukata mfupi huufanya mgumu zaidi, na kuongeza nguvu ya upinde huufanya uwe kama laini zaidi.

Hili linawahusu sana watoto wetu. Mtoto anakua, mkono unarefuka, mwalimu anamwongezea mbawa zenye nguvu zaidi, lakini mishale ni ileile ya mwaka jana. Bila mtu kukosea, mishale iliyomfaa imekuwa laini kwake. Na penye vifaa vya kushirikiana, mtoto mmoja anaweza kuokota mishale yenye ugumu wa aina tatu katika podo moja. Hakuna marekebisho ya upinde yanayoweza kuipitisha yote salama.

Mwisho, yakiwa yamebaki mabaki ya tatizo, tumia manyoya mafupi au laini zaidi, kisha mtazame mpigaji mwenyewe. Mkono unaoukaba mpini huuzungusha upinde wakati wa kuachia na kuuleta mpini kwenye njia ya manyoya. Vidole vinavyoupiga ugwe pembeni badala ya kuuacha uondoke huongeza mkunjo wa mshale. Ndiyo, mchezaji anaweza kuwa sababu. Ninachosema ni kwamba afikiwe kwa ushahidi, baada ya waya, noki na kitufe kuhojiwa.

Kwa nini poda itangulie vipimo vingine

Wengi wenu mnatumia jaribio la mshale usio na manyoya. Mnapiga mishale yenye manyoya na mmoja mtupu kutoka mita 18, kisha mnalinganisha. Mtupu ukienda kushoto, mshale ni mgumu. Ukienda kulia, ni laini. Ukienda juu au chini, mahali pa kupachika pana kasoro. Ni jaribio zuri sana, nami nalitumia. Lakini limejengwa juu ya sharti kwamba hakuna kinachogusa. Mkia ukigonga mpini, mshale laini unaweza kurushwa upande wa mshale mgumu, na mwalimu akafuata maelekezo kwa uaminifu na kuzidi kuharibu. Ukiona unakaza springi, unalegeza, na mshale mtupu haubadiliki, au unabadilika kinyume, acha jaribio hilo. Rudi kwenye poda.

Nawaomba walimu mambo matatu. Kopo la poda liwe ndani ya kila sanduku la vifaa, karibu na koleo na rula. Kila upinde uwe na ukurasa wake daftarini, unaoandika kimo cha ugwe, mahali pa kupachika, hali ya kitufe na ugumu wa mishale, na ukurasa huo usomwe upya kila mbawa, ugwe au mishale inapobadilishwa. Na kijana akija akasema mishale yake inayumba, jibu la kwanza liwe kuuchukua upinde wake na kuukagua pamoja naye, yeye akishika poda. Atajifunza kusoma alama, na siku mtakapokuwa mbali, kwenye mashindano, ataweza kujitibu mwenyewe.

Hatuwapunguzii vijana kazi kwa kufanya hivyo. Kazi ngumu ya mchezo huu, ile ya kusimama, kuvuta, kutulia na kuachia vilevile mara mia, inabaki palepale. Tunachoondoa ni uongo. Mshale ukipita huru, kosa linalobaki kwenye shabaha ni la mpigaji, tena ni la kweli, na kosa la kweli linafundishika. Hiyo ndiyo haki ya kila anayekubali kusimama mbele ya shabaha, na sisi walimu ndio tunaodaiwa.